Binti yangu haongei shuleni tangu tuhamie Tanga. Nifanye nini?

SWALI

Mshauri, shikamoo. Mimi ni Mhaya wa Missenyi, mume wangu ni Mnyoro wa Hoima, Uganda. Tumeishi Hoima miaka kumi na moja na watoto wetu wawili wamezaliwa kule. Desemba mume wangu alipata kazi Chongoleani kwenye bomba la mafuta, tukahamia Makorora. Binti yetu ana miaka tisa. Kule alikuwa amemaliza P3, yaani darasa la tatu la kule, aingie P4, hapa wamemrudisha darasa la tatu kwa sababu hajui Kiswahili. Siku ya kwanza alimpigia mwalimu magoti kumwamkia, kama alivyofundishwa na bibi yake. Mwalimu akadhani anaomba msamaha, darasa zima likacheka. Tangu siku hiyo hafungui mdomo shuleni, mwezi wa nne sasa. Majuzi alichapwa viganjani kwa kutojibu swali. Mdogo wake wa miaka minne anaongea kama mtoto wa hapa hapa. Mwalimu alinishauri niache kabisa kumwongelesha Kinyoro, nina wiki ya tatu na naona anazidi kujikunja. Juzi nilimsikia uani akimgombeza kuku kwa Kiswahili kilichonyooka, aliponiona akanyamaza. Jioni anakaa kibarazani peke yake, watoto wa jirani hawamwiti. Majirani wanasema hana adabu, haamkii watu. Je, ana tatizo la akili? Nimhamishie shule ya Kiingereza? Au nimrudishe kwa bibi yake?

Mama Abwooli, Makorora

JIBU

Marahaba, Mama Abwooli. Nianze na kuku, kwa sababu katika barua yako yote hakuna sentensi iliyonipa matumaini kama hiyo. Mtoto anayemgombeza kuku kwa Kiswahili kilichonyooka, akidhani hakuna anayemsikia, Kiswahili anacho. Amekiokota darasani akiwa kimya, amekiokota dukani, amekiokota kwa mdogo wake, na sasa anakifanyia mazoezi mahali ambapo hakuna wa kumcheka. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: kwa haya uliyoniandikia, sioni tatizo la akili. Namwona mtoto mwenye akili timamu aliyeaibika siku ya kwanza, akaamua kwamba hatasema neno mbele za watu mpaka awe na uhakika nalo.

Sisi tunaofanya kazi na watoto waliohamia kwenye lugha ngeni tunakijua kipindi hiki cha kunyamaza. Kwa mwingine ni wiki chache, kwa mwingine ni miezi. Ipo pia hali nyingine, ya mtoto ambaye sauti yake inagoma kabisa akifika shuleni kwa sababu ya hofu, na hiyo inahitaji matibabu. Lakini mtaalamu makini hakimbilii kusema ni hali hiyo kwa mtoto ambaye bado hajaijua lugha inayosemwa darasani. Ugeni wa lugha ni jambo la kwanza la kuondolewa kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa. Abwooli ana miezi minne tu hapa Tanga. Endelea kumsikiliza kwa mbali anapoosha vyombo, anapocheza na mdogo wake, anapojifunika shuka usiku. Ukisikia ananong'ona maneno ya Kiswahili, pita zako. Usimwambie kwamba ulimsikia, wala usilisimulie mezani mbele ya baba yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulifanye leo kabla hujalala: mrudishie Kinyoro chake.

Mwalimu aliyekushauri sina shaka alikusudia mema, na ni ushauri ambao wazazi wengi wanapewa. Lakini tazama kilichotokea nyumbani kwako. Mtoto huyu amepoteza kwa mkupuo mmoja bibi, marafiki, darasa lake, hata namna yake ya kuamkia watu. Sehemu pekee iliyobaki ambapo alikuwa anaeleweka bila kuhangaika ni kinywani mwako. Wiki tatu zilizopita na hapo pakafungwa. Jioni anatoka shuleni na mambo ya siku nzima kifuani, anafika kwa mama yake, na mama anamjibu kwa lugha ile ile ya darasa lililomcheka. Atasema nini? Anajikunja.

Mwite, mketi, mwambie kwa Kinyoro kwamba ulimkataza kwa nia njema lakini umeona haikumfaa, na kuanzia leo nyumbani mnaongea lugha zenu zote. Usimhoji habari za shule siku hiyo. Zitakuja zenyewe.

Najua hofu yako ni kwamba Kinyoro kitakizuia Kiswahili. Hakitakizuia. Hizi ni lugha za Kibantu, ndugu wa damu. Anachokijua kwenye moja kinamsaidia kwenye nyingine, hasa mambo mazito kama kusimulia kisa kwa mpangilio, kueleza sababu, kubishana kwa hoja. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Chuo Kikuu cha Toronto, aliwachunguza watoto wahamiaji kule Kanada, akaonyesha kwamba lugha ya kuongea na wenzako huja kwa takriban miaka miwili, ilhali lugha ya vitabu na mitihani huweza kuchukua miaka mitano hadi saba. Watoto wale walikuwa wanajifunza Kiingereza kutoka lugha za mbali nacho, kwa hiyo natarajia Abwooli atakwenda kasi zaidi. Ila tofauti ya zile lugha mbili iweke akilini. Siku atakapoanza kupiga soga na wenzake mtadhani mambo yamekwisha, kisha mtashangaa alama zake za Sayansi. Mwakani ana upimaji wa taifa wa darasa la nne, na hapo ndipo wengi huja kumwita mtoto wa namna hii mvivu.

Na kama unadhani lugha ya nyumbani ni mzigo usio na faida ukiwa ugenini, tazama hapa hapa mkoani kwetu. Karne ya kumi na tisa Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani hii kama watumwa, wakafikishwa kusini mwa Somalia, na kizazi chao kikakaa kando ya mto Juba. Zaidi ya miaka mia moja walizaa na kuzeeka kule, wakiongea Kisomali na majirani na Kizigua majumbani mwao. Somalia iliposambaratika mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na wakafika na Kizigua chao mdomoni. Waliweza kuongea na watu ambao mababu zao waliachana kwa nguvu. Wazazi waliokuwa wanaongea na watoto wao kando ya mto Juba hawakujua kwamba wanawatunzia njia ya kurudi.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, ulioongozwa na mwanasaikolojia John Berry wa Kanada na wenzake, uliwauliza vijana wahamiaji zaidi ya 5,000 katika nchi 13. Walioonekana kuwa na hali njema zaidi moyoni na shuleni ni wale walioshika ya kwao na ya wenyeji kwa pamoja. Walioachia ya kwao ili wafanane na wenyeji, na wale waliobaki bila kuwa na pande zote mbili, hawakufika hapo. Nakuambia haya ili kesho mwalimu akikuuliza kwa nini umerudia Kinyoro, uwe na la kumjibu kwa heshima.

Kuna kitu kimoja hukukiuliza lakini nimekisoma katikati ya mistari. Kwako wewe safari hii ina ladha ya kurudi. Makorora si Missenyi, lakini umerudi kwenye nchi yako, redio inaongea lugha yako, sokoni hakuna anayekuona mgeni. Binti yako hajarudi popote. Yeye ameondoka kwao. Bomba analojenga baba yake lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani, na huyu mtoto ameuvuka umbali kama huo bila mtu kumuuliza kama anataka. Furaha yako ni halali, usiifiche. Ila ukimwambia "si umeona Tanga pazuri, na bahari ipo", jua kwamba anasikia kuwa huzuni yake haina nafasi ndani ya nyumba. Mwache aseme Tanga pabaya. Mwache alie kwa ajili ya bibi.

Na bibi huyo mpigieni simu kwa siku maalumu, isiwe mpaka salio litakapobaki. Mtoto akijua kwamba kila Jumapili jioni kuna bibi, Jumatano inavumilika. Umeniandikia ukijiita Mama Abwooli, lakini nadhani shuleni hakuna anayemwita kwa jina hilo. Wanyoro hawaamkiani bila kuitana kwa empaako, yaani jina la upendo na heshima kama hilo la Abwooli, na mila hiyo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2013 miongoni mwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. Fikiria mtoto aliyeitwa Abwooli kila asubuhi tangu azaliwe, sasa anamaliza wiki nzima bila kulisikia. Liwe la kwanza anapoamka na la mwisho anapolala. Baba yake naye, hata akitoka Chongoleani usiku amechoka, amwamkie kikwao.

Kaeni na karatasi kubwa, mchore safari yenu. Bomba hilo linaanzia Hoima kwa bibi mzaa baba, linaingia Tanzania kupitia wilaya yenu ya Missenyi kwa bibi mzaa mama, linakatiza nchi mpaka kazini kwa baba. Nyumba zote tatu anazozijua zimo kwenye mstari mmoja. Mwache aupake rangi, aandike majina ya miji. Kisha umpelekee mwalimu ile karatasi, umwombe aibandike ukutani wakati wa somo linalohusu mazingira au ramani. Atakuwa ameliambia darasa yeye ni nani bila kusimama mbele na kutetemeka.

Kuhusu magoti. Sijaona kosa alilofanya mtoto. Aliamkia kwa adabu ya kwao, na adabu hiyo haijatoka mwezini: mabinti wa Kihaya wanapiga magoti, Wasukuma wanapiga magoti, wewe mwenyewe nadhani umekua ukiwapigia wakubwa. Hapa Tanga mtoto anasimama, anasema shikamoo, tena anaisema kwa kila mkubwa anayempita hata kama hamjui. Abwooli ameona adabu yake imechekwa, na hii mpya hajaiamini, ndiyo maana haitoi yoyote. Mfundishe hivi: kwa bibi tunapiga magoti hata kwenye simu ya video, Makorora tunasema shikamoo, zote ni adabu zetu. Mazoezi muanze na mtu mmoja, yule bibi mpole asiyekosa kwenye kila mtaa. Mpitie wawili, wewe useme, yeye asimame tu. Siku ya tatu au ya nne huenda midomo ikacheza. Na majirani waeleze wazi, bila kumwombea radhi: "Mwanangu anajifunza, mkimwona kimya mwamkieni nyie kwanza." Watu wa Tanga wakielezwa jambo kistaarabu hulipokea. Mji wenyewe umejaa wajukuu wa watu walioletwa kukata mkonge kutoka Songea, Kigoma, Burundi na kwingineko. Bibi zao nao kuna siku walichekwa.

Shuleni nenda wewe mwenyewe, usitume mtu, na uende kwanza kwa mwalimu mkuu. La viboko lisiahirishwe. Kanuni zetu ziko wazi: mwenye mamlaka ya kuchapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, viboko havizidi vinne, adhabu huandikwa kwenye daftari, nayo ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Mtoto kushindwa kujibu kwa lugha asiyoijua hakumo humo. Liseme kwa utulivu, ukiwa na nia ya kujenga, lakini liseme lote. Likijirudia, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anahusika, na ipo simu ya huduma kwa mtoto, 116, isiyo na malipo.

Ukishamaliza hilo, muombe mwalimu wa darasa mambo madogo anayoyaweza hata akiwa na watoto wengi. Asimsimamishe peke yake kujibu. Amwulize maswali ya kujibiwa kwa kichwa au kwa kunyoosha kidole. Amkalishe na msichana mmoja mwenye roho nzuri, yule yule kila siku, asizungushwe dawati hadi dawati. Na hesabu! Mtoto aliyemaliza P3 hesabu nyingi za darasa la tatu anazijua. Apewe chaki aende ubaoni akokotoe kimya kimya, wenzake waone. Nimewaona watoto waliokuwa wakiitwa mabubu wakaanza kutafutwa na wenzao wakati wa mapumziko ili wasaidie kuzidisha, na mtu anayetafutwa hulazimika kusema "subiri", "siyo hiyo", "lete nikuonyeshe". Kurudishwa darasa kumemuuma, usijidanganye kwamba hajali. Mwambie ni kwa ajili ya lugha, na mwambie hesabu zake zinajulikana.

Shule ya Kiingereza? Kwa sasa ningesema hapana, na nitakueleza ninavyolipima. Akihamia huko atapata darasa linalofanana kidogo na la Hoima, lakini ataanza upya mara ya pili ndani ya mwaka mmoja, na kuna uwezekano asubuhi apande basi aende mbali na watoto wa Makorora, ambao ndio njia yake ya kutoka kibarazani. Kinachoweza kunibadilisha mawazo ni mkataba wa mume wako. Kama unaisha mapema na mna hakika ya kurudi Uganda, kule atamaliza la saba kwa Kiingereza, kwa hiyo msikiache kilale. Mnunulieni vitabu vya hadithi, asome na baba yake siku za mapumziko. Na kama mtaamua kumhamisha, iwe Januari, siyo katikati ya mwaka.

Tuje kibarazani. Umeniambia watoto wa jirani hawamwiti. Hebu angalia saa. Mtaa kama wa kwenu, alasiri watoto wengi wanakwenda chuo cha Kurani, wanatoka karibu na magharibi, wanaingia ndani. Binti yako si Mwislamu, hilo nimelihisi tu, na Hoima hakuzoea mtaa kuwa mtupu saa kumi. Anatoka nje wakati wenzake wamekaa mkekani na juzuu zao, anahesabu kwamba amekataliwa. Huenda hakuna aliyemkataa. Muulize mama wa jirani chuo kinafungwa siku gani, na siku hizo ndizo za kumtoa nje. Asubuhi ya Jumamosi pia.

Mpe mpira wa soksi atoke nao. Hoima wasichana wanacheza kwepena, mmoja katikati, wawili wanamrushia kutoka huku na huku. Hapa wanaiita rede. Hahitaji kuelezwa sheria, na kwenye rede hakuna anayeulizwa swali. Unaruka, unakwepa, unapiga kelele. Mtoto aliyekwepa mara sita mfululizo anaombwa kuwa upande wetu kesho, awe anaongea au haongei. Sauti ya kwanza ambayo watoto wa mtaa wataisikia kutoka kwake ningependa iwe ya kushangilia.

Mwalike mmoja tu nyumbani, yule wa dawati moja. Pika firinda. Loweka maharage usiku, asubuhi mketi wawili mkiyamenya maganda moja moja, muyachemshe mpaka yalainike, myaponde kwa mwiko, halafu tia samli nzuri. Watoto wa Tanga wamezoea maharage ya nazi, kwa hiyo mgeni atauliza hiki ni nini na kimepikwaje. Usijibu wewe. Nenda kaangalie jiko.

Mdogo wake msimlinganishe naye, hata kwa sifa, hata kwa kicheko. Mtoto wa miaka minne hajui kama amekosea, anaropoka tu na kila mtu anampenda. Wa miaka tisa anajua kila kosa lake. Pia asifanywe mkalimani wa dada yake dukani, hilo linaumiza kuliko mnavyodhani.

Yako mambo yakitokea usingoje. Akianza kunyamaza hata nyumbani mkiwa mnaongea Kinyoro, akikojoa kitandani wakati alishaacha, akipungua mwili, akikataa kabisa kwenda shule, akisema maneno ya kutaka kufa, au ikifika miezi sita tangu leo haongei na mtoto yeyote popote, mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, uombe kuonana na wahudumu wa afya ya akili. Na hata kama hakuna lolote kati ya hayo, mkapime masikio mwezi huu. Ni jambo dogo, na mtoto asiyesikia vizuri katika darasa lenye kelele huonekana mkaidi.

Kumrudisha kwa bibi nakuomba usifanye. Atakuelewa vibaya: kwamba mdogo wake aliyeweza Kiswahili amebaki na wazazi, na yeye aliyeshindwa amerudishwa. Lakini kumtembeza ni jambo jingine. Mkijaliwa nauli, likizo ya Desemba nendeni wote, na kabla hamjapanda basi ajue tarehe ya kurudi Tanga, aiandike yeye mwenyewe. Mtakaporudi, usishtuke akinyamaza tena wiki moja au mbili mwezi Januari. Hajaanza upya, amemkumbuka bibi, na safari hiyo ya pili kimya huwa kifupi. Ukiona kimezidi mwezi, niandikie.